Maziwa ni ya Mtunzaji

Mama yangu mzazi alipoulizwa nje ya kanisa binti yake anafanya kazi gani siku hizi, alijibu, "Anauza mawingu Katesh." Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alikuja kunisimulia mwenyewe, amekasirika, na akaniuliza kwa nini niliacha kazi ya Dar es Salaam, ofisi yenye kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, nije kuuza mawingu chini ya Mlima Hanang, mahali ambapo mawingu yapo bure kila asubuhi.

Nilimwambia jamani mama, siuzi mawingu. Natunza taarifa za watu. Shule ina majina ya wanafunzi, zahanati ina kadi za wagonjwa, ghala lina hesabu za magunia, na hakuna anayetaka vitu hivyo vikae kwenye kompyuta moja mezani, ambayo chai ikiimwagikia ndiyo basi tena. Wanatupa sisi tuwatunzie kwenye mashine zetu, na wanavifikia kwa intaneti popote walipo; utunzaji huo ndio watu wa kompyuta wanauita wingu. Dunia nzima kazi hiyo imeshikwa na kampuni kubwa kupita kiasi, zenye majumba ya seva katika nchi nyingi. Sisi tulikuwa na chumba kimoja Katesh, zamani kilikuwa stoo ya mbegu, na seva zetu zilisimama pale palipokuwa na magunia ya alizeti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo unashindana na hao?" Nikasema ndiyo. Akasema nile kwanza.

Nikisema sisi, nina maana ya mimi na mwalimu. Mwalimu ni mtu wa Tanga. Serikali ilimleta Hanang kufundisha fizikia, baridi ikamkuta na mashati ya mikono mifupi, akalalamika mwaka mzima kisha akapapenda. Tulipoanzisha kampuni alichukua likizo bila malipo. Ni mpole, ana maneno ya utani muda wote, na mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo wateja wagumu walikuwa wake na mafundi wazembe walikuwa wangu. Aliniita bosi, kwa kunikejeli. Nami nilimwacha, maana moyoni nililipenda neno hilo.

Watu wakiniuliza mkakati wetu wa biashara ulikuwa nini, nasema wa kwanza ulikuwa kusalimia. Nacheka nikisema, lakini ni kweli. Mteja wa kijijini Gehandu akipiga simu haanzi na shida yake. Anaanza na habari za asubuhi, za nyumbani, za mvua, za mifugo. Ukimkatiza umemtukana. Kampuni kubwa ukizipigia unapokewa na mashine inayokwambia bonyeza moja, bonyeza mbili. Tulikuwa na mzee mmoja mwenye ghala la ngano aliyewahi kuijaribu. Aliisalimu ile mashine vizuri kabisa, ikamwambia abonyeze tatu, akaisalimu tena akidhani haikusikia, mwishowe akakata simu na kuja Katesh kwa pikipiki kutuuliza kama watu wale wamefunzwa adabu na nani. Tangu siku hiyo hakuondoka kwetu.

Mikakati mingine ilifuata njia hiyo hiyo. Wakubwa wanataka kadi ya benki na wanatoza kwa dola, kila mwezi, wala hawajali kama ngano imevunwa au bado imesimama shambani. Sisi tulipokea kwa simu, kwa shilingi, na mkulima alilipa akishavuna. Mashine ya zahanati ikigoma, mwalimu alivaa koti lake zito kama anakwenda vitani, akapanda pikipiki, akafika. Na mtandao wa kwenda nje ukikatika, jambo ambalo halikuwa geni, wateja wa karibu waliendelea kufanya kazi kwa antena zetu, maana vitu vyao vilikuwa hapa hapa, havikuvuka bahari. Kwa mambo madogo madogo kama hayo ndivyo tulivyoishi. Hatukunenepa, lakini tuliishi.

Halafu kulikuwa na ushirika wa wafugaji.

Ushirika huo ulikusanya familia za Kibarbaig za tambarare kutoka upande wa Basotu hadi Gehandu, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye bangili za shaba hadi karibu na kiwiko na sauti ambayo haikuhitaji kipaza. Walitaka kila ng'ombe awe na kumbukumbu yake: picha, chanjo, mmiliki, uzao. Ng'ombe akiibiwa ajulikane, na mnunuzi wa mbali akitaka kununua aone amechanjwa. Tuliwafanyia majaribio bure. Wengi wao hawasomi, kwa hiyo hatukuwapa fomu ya kujaza. Mwenye ng'ombe alishika simu, akampiga picha ng'ombe wake, kisha akasema kwa mdomo wake jina la ng'ombe huyo na la mama yake na la bibi yake. Sauti ikahifadhiwa. Mwalimu alikaa siku nzima akizisikiliza, hajui neno hata moja la Kibarbaig, akaniambia, "Bosi, hawa wanataja ng'ombe kama mimi ninavyotaja timu yangu ya mpira."

Majaribio yalipokwisha, ushirika ukatangaza kwamba sasa wanataka mkataba kamili, wa ng'ombe wote, na kwamba watamsikiliza kila anayetaka kazi hiyo. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumefika mwisho. Tukiupata mkataba ule, kampuni inasimama. Tukiukosa, tunafunga mlango. Mwalimu anarudi darasani, na mimi narudi Dar, ambako ofisi yangu ya zamani ilikuwa imeshanipigia simu kuniuliza kama nimechoka na baridi. Nilikuwa sijachoka. Nilitaka kubaki kwetu kuliko kitu chochote, nikaogopa kulisema hadharani, nisije nikaonekana mjinga likishindikana.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Basotu, jirani na ziwa, kwenye uwanja wa shule. Alikuja wakala wa kampuni moja kubwa, kijana nadhifu kutoka Dar, na kofia za kugawa, na fulana. Nilijiandaa kumchukia, ikashindikana. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja, kwa heshima, alikula kila alichopewa, na alipozungumza alieleza vizuri: kampuni yake ina majumba mengi katika nchi nyingi, walinzi, mitambo, haijawahi kutetereka. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja tayari alikuwa amevaa kofia mbili.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeona makofi yale na damu ikanichemka, na nikiwa na hasira huwa nasema kwa nguvu. Nikasimama nikasema, "Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Huyu ndugu yangu vitu vyenu atavipeleka msikokujua. Sisi vyote tunavyo hapa Katesh. Nyumba moja, mlango mmoja, kufuli moja, na ufunguo huu hapa mfukoni mwangu!" Nikautoa ufunguo nikauinua juu, nikingoja vigelegele.

Hakuna aliyepiga hata kofi. Mwenyekiti alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekanyaga moto.

"Vyote?" akauliza.

"Vyote, mama."

"Nyumba moja?"

"Nyumba moja."

"Na mlima ukishuka tena?"

Kila mtu pale alikumbuka tope lililotoka mlimani na kuifunika Katesh, na kila mtu alikuwa na mtu wake. Mimi mwenyewe nilimzika shangazi. Nilibaki nimesimama, ufunguo bado uko juu, mkono hautaki kushuka. Mwenyekiti hakunitesa. Alisema kwa upole kwamba siku ya mnada ujao wa mifugo wakutane tena, watu wakapumzike, na kwamba nirudi na jibu kama ninalo.

Njiani mwalimu aliendesha pikipiki bila utani wowote, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Tulipofika Katesh nikalipuka. Nikamwambia najua, najua, nimeharibu! Kuwaambia wafugaji kwamba mali yao yote imelala zizi moja! Mtu wa huku hata kama ni maskini, ng'ombe wake wachache amewagawa: mmoja kwa shemeji, wawili kwa rafiki upande wa pili wa mlima. Ugonjwa ukipita hapa, wa kule wamepona. Mwizi akija huku, wa kule wapo. Nilijua hayo tangu sijaota meno, na bado nilisimama mbele yao kujisifia zizi moja.

"Na kuhusu nakala ulijua pia," mwalimu akasema.

"Mwalimu, tafadhali. Naongea."

"Ongea, bosi."

Nakala tulikuwa tunajua. Kila mtu wa kazi yetu anajua kwamba kitu kisicho na nakala mahali pengine ni kama hakipo. Lakini kuwa na chumba cha pili ni kukodi chumba cha pili, na umeme wa pili, na mlinzi wa pili, na sisi hata hicho cha kwanza tulikuwa tunakisukuma kwa mabega. Wakubwa wana majumba mengi kwa sababu ni wakubwa. Tulilizungusha jambo hilo mpaka tukachoka, kisha mwalimu akasema niende nyumbani Maretadu nikamwone mama, nikapumzishe kichwa, na yeye apumzishe masikio.

Asubuhi yake nilimkuta mama zizini anakamua. Nikachuchumaa karibu yake, namshikia ndama, nikamwelezea aibu yangu yote ya Basotu. Alicheka, mama huyu! Alicheka mpaka maziwa yakaenda pembeni ya ndoo. Nikakasirika, nikamuuliza hata huyo ng'ombe anayemkamua ni wake? Maana hakuwa wake. Alikuwa wa rafiki yake wa siku nyingi, mwanamke wa upande wa Dongobesh, ambaye naye alikuwa na ng'ombe wa mama.

"Si wangu," mama akasema. "Lakini maziwa ni yangu. Namlisha, nalala namsikiliza, unataka ninywe nini?"

Nilisimama ghafla. Nilipiga kelele, sijui hata nilisema nini, na ng'ombe wa watu akashtuka akapiga teke, ndoo ikaenda chini na maziwa yote yakamwagika. Mama alinifukuza zizini kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikimbia nacheka, naye nyuma anatukana, na jirani akatoka kuuliza kuna nini.

Nilichokiona ni kitu nilichokuwa nacho maisha yangu yote. Kwetu hakuna mtu anayemlipa mwenzake mshahara wa kutunza ng'ombe. Anayetunza anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, maziwa ni ya mtunzaji, na kwa mpango huo hata mtu asiyekuwa na zizi kubwa ana ng'ombe katika milima yote hii. Kumbe nilikuwa nahangaika kutafuta fedha za chumba cha pili wakati vyumba vipo, vina kufuli, vina umeme wa jua, na wenyewe wana kiu.

Nilianza na sekondari moja pale pale Maretadu. Ilikuwa na chumba cha kompyuta kizuri chenye paneli za sola, na kompyuta zilizofunikwa vitambaa kwa sababu shule haikuweza kugharamia intaneti. Nikamwambia mkuu wa shule: nikuletee seva yangu moja, niisimamishe humu. Utaitunza, utaifungia mlango, haitapata vumbi wala panya. Na nitakufungia antena juu ya paa, shule yako ipate intaneti, na mitihani yenu na majina yenu vikae humo humo bila malipo. Hayo ndiyo maziwa yako.

Alikuwa mtu wa Singida, makini sana, anayepima kila neno. Akaniuliza, "Na ikifia mikononi mwangu?"

Nilifurahi karibu nimkumbatie. Alikuwa ameuliza swali lenyewe, lile ambalo huulizwa kila ng'ombe anapopelekwa kwa mtu. Nikamjibu vile baba yangu angejibu. Ng'ombe akifa kwa mtunzaji, mtunzaji anamletea mwenye ng'ombe ngozi, na mwenyewe akiiona ngozi anasema pole, hakuna kesi. "Wewe niletee boksi lake," nikamwambia. "Nikiliona boksi, nakupa pole." Mkuu wa shule akacheka, akaita walimu wawili watusaidie kubeba meza.

Gehandu ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu mganga wa zahanati alikuwa mteja wetu na mwalimu alikwisha kumponya mara nyingi, yaani kompyuta zake. Tuliweka seva ya pili kwenye chumba cha friji ya chanjo, ambako umeme haukatiki. Tulizifunga zote tatu zizungumze: kinachoingia Katesh kinakwenda Gehandu na Maretadu papo hapo. Simu ya mteja ikikosa jibu Katesh, inabisha hodi Gehandu; ikikosa Gehandu, inapanda Maretadu. Tulifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Mwalimu alikuwa juu ya paa la zahanati anashikilia antena na upepo unamvua kofia, anaimba, na mimi chini nampigia kelele aelekeze mlimani, siyo huko, mlimani! Wagonjwa walitoka nje kututazama wakasahau maradhi yao.

Siku ya mnada ikafika. Tulirudi Basotu na wakala wa Dar akarudi pia, safari hii bila fulana, akaja kunisalimia kwanza. Mwalimu nilimwacha Katesh. Mwenyekiti akaniita mbele, nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, kisha akaniuliza kama ufunguo wangu ninao. Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Nikawaeleza: kumbukumbu za ng'ombe wenu sasa ziko kwangu Katesh, ziko kwa mganga Gehandu, na ziko kwa mkuu wa shule Maretadu. Nikawaambia mtunzaji anapata nini na tumekubaliana nini akipatwa na msiba. Sikuhitaji kueleza zaidi. Wazee walianza kuulizana wao kwa wao kwa Kibarbaig, na nilisikia majina ya Gehandu na Maretadu yakirukaruka, kisha mzee mmoja akauliza kwa Kiswahili huyo mkuu wa shule ni mtu wa wapi na kama ana familia. Nikajibu. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mwenyekiti hakuridhika. "Zima ya Katesh," akasema.

"Mama?"

"Zima. Mlima umeshuka. Tuone."

Nilimpigia mwalimu. Nikamwambia azime kila kitu, avute hadi waya ukutani. Akasema, "Bosi, una uhakika?" Sikuwa na uhakika. Tulikuwa tumejaribu mara kadhaa na ilikuwa imekubali, lakini kujaribu chumbani na kujaribu mbele ya ushirika mzima ni vitu viwili. Nikasema vuta. Nikasikia feni za seva zikififia kwenye simu, kisha zikanyamaza.

Mwenyekiti akatoa simu yake kwenye mkoba wa ngozi, akabonyeza picha ya ng'ombe wake mwekundu. Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Watu walikuwa wamesogea mpaka wanatupumulia shingoni. Nilikuwa naiona Dar, naiona ile ofisi na kile kiti, na nikajisemea moyoni Mungu wangu, siwezi kurudi kule, usinirudishe kule.

Simu ikatoa sauti. Ilikuwa sauti ya mwenyekiti mwenyewe, nzito, ikimtaja yule ng'ombe na mama yake na bibi yake, na nyuma yake upepo wa siku ile tulipomrekodi. Uwanja ukalipuka. Wanawake wakaruka, bangili zikagongana, mtu akanipiga mgongoni nikakohoa. Kila mmoja akatoa simu yake akitaka kumsikia wa kwake, na kwa muda mrefu Basotu yote ilikuwa inataja ng'ombe.

Kelele zilipopungua, wakala wa Dar akaomba kusema. Akasema kwa haki kabisa kwamba hata kampuni yake inatunza nakala katika nchi mbalimbali, na kwa uimara wao ni wakubwa kuliko sisi. Alisema kweli. Mwenyekiti akamuuliza, "Kwa nani?"

"Kwenye vituo vyetu, mama."

"Mtunzaji ni nani? Ninamjua? Naweza kwenda kumsalimia?"

Kijana akafikiri, akajibu kwa unyofu kwamba hata yeye hajawahi kukiona kituo, hawaruhusiwi, ni kwa ajili ya usalama. Mwenyekiti hakumcheka. Alisema si vibaya, mtu wa mbali naye anafaa, maana mlima wetu hauwezi kufika huko. Wakashauriana, kisha akatoa uamuzi: kazi ni ya Katesh. Na kijana naye atapewa nakala moja atunze, kwa kuwa ana adabu. "Wewe utamtunzia binti huyu," akamwambia, akininyooshea kidole. "Na asipokuona kwa muda, atakuja kuuliza."

Kijana alicheka mpaka akajipangusa macho. Alinipa mkono, akaniambia mabosi wake hawatamwelewa atakapowaeleza kwamba kampuni yao imekuwa mtunzaji wa kampuni ya stoo ya mbegu. Nikamwambia asiwaeleze. Nilimpigia mwalimu nikamwambia awashe, tumepata, na huko nikasikia mtu mzima mwenye shahada ya fizikia akipiga vigelegele peke yake chumbani.

Mkataba tuliuandika kwa Kiswahili chepesi, wa mwaka mmoja. Mwaka mmoja niliuweka mimi. Katibu wa ushirika aliuliza kwa nini mfupi hivyo, nikasema ndiyo kawaida ya biashara. Ofisi ya Dar ilikuwa bado haijapata jibu langu.

Wiki chache baadaye nilikuwa chumbani nasafisha vichujio vya feni, mwalimu akafungua mlango nusu, uso wake umejaa jambo. "Bosi," akasema, "kuna mteja nje, lakini ana pembe."

Nikatoka. Mwenyekiti alikuwa amesimama uani kwetu na katibu wake, na kati yao mtamba mwekundu mwenye doa jeupe pajani, ametoka jasho kwa safari, anaanza kula maua ya mwenye nyumba. Nikaamkia, nikaleta viti, nikauliza habari za Basotu, za mvua, za mifugo. Alijibu zote, bila haraka. Kisha akasema ushirika unatunziwa kumbukumbu na mimi, lakini hiyo ni karatasi. Karatasi ina mwaka mmoja. Yeye mwenyewe hajawahi kuweka ng'ombe kwa mtu kwa mwaka mmoja.

"Nimekuletea huyu utunze," akasema. "Maziwa akizaa ni yenu. Huyu mtu wa Tanga atajifunza kukamua."

"Nitajifunza, mama," mwalimu akasema kwa haraka, na sauti yake ilionyesha wazi kwamba anaogopa.

Nilishukuru, nikashukuru tena, nikaanza kuzungumza juu ya banda, na majani, na mwenye nyumba na maua yake. Nilikuwa naongea sana. Mwenyekiti aliniacha mpaka nikaishiwa maneno.

"Nimesikia Dar wanakuita," akasema. "Mtu wa safari hapewi ng'ombe. Unaondoka?"

Nikafungua mdomo, machozi yakatangulia. Nililia pale uani mbele ya katibu, mwalimu na ng'ombe, mtu mzima mimi, na sikuona aibu hata kidogo. "Siondoki, mama," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti.

"Basi shika kamba," akaniambia.